Zimwi Linalogeuza Macho: Kitale, Bungoma na Mlima Elgon tangu 1883

Linani la hadithi za Kibukusu haliingii kijijini likiwa na pembe kichwani. Linaingia likiwa kijana mtanashati, mwenye maneno laini na ukoo usiojulikana, na msichana aliyewakataa wachumba wote wa jirani humkubali yeye siku ileile. Anayegundua mambo kwanza mara nyingi si bibi harusi wala rafiki zake. Ni mdogo wake, kitoto chenye upele kilichofukuzwa kisifuatane na msafara, nacho kikafuata kwa kujificha vichakani. Usiku, wakubwa wakiwa wamelala kwa shibe, kitoto hicho ndicho kinachomwona shemeji akigeuka.

Hadithi za namna hii husimuliwa kwa majina tofauti pande zote za Mlima Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu huuita Masaba. Wakalenjin wana chemosit, Wagikuyu wana irimu, na pwani kuna zimwi. Meno huja mwishoni. Kazi ya kwanza ya jitu hili ni kuyatawala macho ya watu, liwafanye waone mkwe pale penye mauti, na kuwanyima imani wale wachache wanaoona vizuri. Ukiisoma historia ya nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma kwa muda wa karibu karne moja na nusu, utaona kwamba zimwi hilo halikubaki kwenye hadithi za jikoni. Wavumbuzi, askari, walowezi, wanasayansi na madaktari wa akili walipita chini ya mlima huu wakaona mambo makubwa. Wengi wao walikosea, na waliokosea zaidi ni wale ambao hakuna aliyeruhusiwa kuwasahihisha.

Wachina wamelijua zimwi hili tangu zamani, na wameliandika kwa bidii kuliko sisi. Katika Xiyou Ji, riwaya ya karne ya 16 inayosimulia safari ya mtawa Tang Sanzang kwenda Magharibi, pepo wa mifupa aitwaye Baigujing humjia mtawa huyo mara tatu: kwanza kama msichana aliyebeba chakula, kisha kama bibi kizee anayemtafuta bintiye, mwishowe kama mzee anayewatafuta wote wawili. Sun Wukong, mfalme wa nyani ambaye macho yake yaliiva kwa siku 49 ndani ya tanuri la Laozi, anauona mfupa ndani ya kila umbo na kuupiga. Mtawa hauoni. Anachoona ni watu watatu wasio na hatia waliouawa na mfuasi wake, na hukumu yake ni kumfukuza Wukong, yule mwenye macho.

Baadaye Pu Songling, aliyeishi kati ya 1640 na 1715, aliandika kisa cha pepo aliyevaa ngozi ya binadamu aliyoichora mwenyewe kwa brashi. Ukoo huo wa hadithi leo umefikia riwaya za xianxia, zile za wanafunzi wa Kidao wanaojizoeza ili wasife, zinazotolewa sura kwa sura na kusomwa kwenye simu. Miongoni mwa zile za kutisha imevuma Dao Gui Yi Xian, ya mwandishi anayetumia jina la Huwei de Bi. Kijana wake, Li Huowang, upande mmoja ni mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya siku hizi, na upande mwingine ni mfuasi wa mtawa mwendawazimu anayesaga watu apate kutengeneza dawa ya uzima. Kila ulimwengu unamwambia kwamba ule mwingine ni ugonjwa wake. Kuna pia watu wa Zuowangdao, wenye majina ya vigae vya mchezo wa mahjong, ambao hubadili sura na kuupotosha ukweli wa wenzao kwa raha tu. Msomaji wa Bungoma akiisoma riwaya hiyo atakutana na jambo ambalo babu yake alilishuhudia, tena na hospitali yake.

Kabla ya hospitali, tuanze na nyoka. Simulizi kuu ya Wabukusu kuhusu jitu la kutisha ni ile ya Mango na nyoka Yabebe, aliyekuwa akiwaua watu na mifugo huku akikaa pangoni huko Mwiala, upande wa Bungoma. Majirani zao Wasabaoti, waliokuwa wakitahiri, walimwambia Mango kwamba wangemtahiri endapo angemwua nyoka huyo, wakiamini hatarudi. Mango hakumvamia. Alijifunza mwenendo wake: anatoka saa ngapi, anarudi lini, kichwa anakilaza wapi akiingia. Akajificha ndani ya pango na kulisubiri jitu lirudi nyumbani kwake, na kichwa kilipolazwa kwenye gogo mlangoni akakikata kwa pigo moja. Husimuliwa kwamba kichwa kiliruka kikauma mti, na majani ya mti huo yakanyauka papo hapo.

Huo ndio mwanzo wa tohara ya Kibukusu kama wenyewe wanavyousimulia, na hadi leo kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili barabara za Bungoma, Webuye, Kimilili na mashamba ya Trans Nzoia hujaa nyimbo na njuga. Alfajiri kijana hupakwa tope la mtoni, huletwa akiwa uchi hadi uani kwa baba yake, husimama wima na kukaza macho. Asipepese, asitikisike. Wengi huielezea saa ile kuwa mtihani wa maumivu, nao hawakosei. Mimi naona pia mtihani wa macho, urithi wa mtu aliyekaa gizani akaweza kuliangalia jambo la kutisha mpaka akalielewa.

Mwaka 1883 mgeni mwingine alisimama kwenye mlango wa pango la Elgon. Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25 aliyetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London, alikuwa amevuka nchi ya Wamaasai kwa miguu. Aliwakuta watu wakiishi ndani ya mapango pamoja na ng'ombe wao, wana vibanda na maghala humo humo. Alipouliza nani aliyeyachimba, wenyeji walimjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Thomson hakuridhika. Aliona kuta, akaona alama za kuchongwa, na moyoni mwake akaona taifa kubwa lenye ustaarabu lililopita zamani. Hata akajiuliza katika kitabu chake cha mwaka 1885 kama Wamisri wa kale walifika kusini kiasi hicho. Husemwa kwamba maelezo yake yalichangia kumpa H. Rider Haggard picha ya mapango ya malkia asiyekufa katika riwaya yake ya mwaka 1887, *She*. Kwa hiyo ndani ya miaka minne zizi la ng'ombe la Wasabaoti lilikwisha kuwa jumba la uchawi mikononi mwa wasomaji wa London.

Alama za kuchongwa zilikuwepo kweli. Katika pango la Kitum, linaloingia mlimani kama mita 200, tembo wamekuwa wakiingia usiku kutafuta chumvi. Mwamba wa volkano wa Elgon una chumvi za sodiamu, na majani ya msituni hayana za kutosha. Tembo hupapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, humega mwamba kwa pembe, kisha husaga vipande kwa magego. Vizazi kwa vizazi vya kazi hiyo vimepanua pango. Katika miaka ya 1980 mtafiti Ian Redmond aliwafuatilia tembo hao, wakati uleule majangili walipokuwa wakiwamaliza. Wafugaji nao walikuwa wakiwapeleka ng'ombe wao mapangoni walambe mwamba huohuo. Mtu aliyewahi kuchunga ng'ombe pale angeweza kumweleza Thomson mambo ya chumvi kama angeulizwa kuhusu ng'ombe badala ya kuulizwa kuhusu wajenzi.

Kitum lilikuwa na zamu nyingine ya kuonwa vibaya. Januari 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, karibu na Bungoma, aliugua homa ya kuvuja damu akafariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Ugonjwa ulikuwa Marburg, uliogunduliwa mwaka 1967 katika miji ya Ujerumani na Yugoslavia kwa wafanyakazi wa maabara walioshika tumbili kutoka Uganda. Mfaransa huyo alikuwa amezuru Kitum siku chache kabla ya kuugua. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmark mwenye umri wa miaka 15, aliyekuwa pia ameingia pangoni humo, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mwaka uliofuata watafiti wa jeshi la Marekani waliingia Kitum wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima, wakaweka wanyama wa majaribio ndani, wakakusanya wadudu, ndege na popo. Hawakupata kirusi.

Palepale ndipo hofu ilipokua. Kitu kilichoua bila kuonekana, kisha wataalamu wakakitafuta wasikione, kina nguvu kuliko simba. Kitabu cha Richard Preston cha mwaka 1994, *The Hot Zone*, kilifanya jina la Kitum lijulikane duniani kama mdomo wa mauti. Jawabu lilipatikana polepole, kwa kazi isiyo na mvuto wa kisa: mwaka 2007 watafiti walikuwa wakiwapima popo walao matunda katika mapango ya Afrika, na miongoni mwa waliokamatwa Kitum mwezi Julai mwaka huo alikuwemo mwenye virusi vya Marburg. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa wanaojulikana kuhusishwa na pango hilo ni wawili, katika nchi ambayo watu na mifugo wameingia na kutoka mapangoni tangu kale. Tahadhari inayofaa ni ya kawaida kabisa: usimshike popo, usiguse kinyesi chake, nawa mikono.

Sasa turudi nyuma, kwenye uwanda wa Uasin Gishu ulio kusini mwa Kitale, kumtazama mnyama aliyewasumbua Wazungu wa Kenya kwa miaka 30 bila kuacha hata mfupa mmoja.

Katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, A. C. Hollis alimwandika chemosit kama alivyosimuliwa: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, na fimbo inayofanana na mkuki anayoitumia kutembelea. Ni jitu la kuwatisha watoto wasitoke nje gizani, na ule mdomo unaofanana na taa ni hila ya macho: mtoto aliyepotea huona mwanga wa nyumba, akaufuata. Hakuna Mnandi aliyetarajia kuupata mzoga wake.

Wazungu ndio waliotarajia. Na walikuwa na sababu. Mwaka 1901 okapi wa misitu ya Kongo alipewa jina la kisayansi, baada ya miaka ya kudhaniwa kuwa porojo. Mwaka 1904 alifuata nguruwe mkubwa wa msituni, aliyepewa jina la Richard Meinertzhagen, ofisa kijana wa jeshi aliyepeleka vielelezo London. Wenyeji wa misitu hiyo walikuwa wakimjua nguruwe huyo siku zote. Sasa kila mlowezi mwenye bunduki aliamini kwamba mnyama wa tatu yuko njiani.

Meinertzhagen mwenyewe anastahili kutazamwa kwa makini. Tarehe 19 Oktoba 1905 alimwita Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliokuwa wamepigana na Waingereza kwa takribani miaka 10, waonane kwa ajili ya amani. Koitalel alikuja akaona mkono ulionyoshwa. Alipigwa risasi hapohapo, na wenzake wakauawa. Ofisa huyo aliishi akiheshimiwa ulimwenguni kama mtaalamu wa ndege. Ni katika miaka ya 1990, muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1967, ndipo wachunguzi walipothibitisha kwamba ndege wengi wa mkusanyo wake waliibwa makumbusho na kubandikwa lebo za uongo za mahali na tarehe. Kwa karibu karne nzima sayansi iliona ndege pale alipotaka waonekane. Nikiulizwa ni nani katika historia hii anayefanana zaidi na linani la kijana mtanashati, sina haja ya kufikiri mara mbili.

Mara baada ya vita hivyo vya Nandi, Mzungu aitwaye Geoffrey Williams na binamu yake walikuwa wakitembea asubuhi kuelekea mwamba wa Sergoit. Ukungu ulikuwa mzito. Ulipofunguka ghafla waliona karibu nao mnyama mkubwa ameketi kwa matako kama dubu, kisha akaondoka mbio za upandeupande. Williams alichapisha habari hiyo mwaka 1912 katika jarida la jumuiya ya historia ya maumbile ya Afrika Mashariki na Uganda, na C. W. Hobley, ofisa mkongwe wa serikali, akaongezea taarifa nyingine. Maelezo yalijazana: mabega ya juu, mgongo ulioinama nyuma, manyoya marefu, kelele za kutisha usiku, ng'ombe na watu waliopasuliwa vichwa. Mnyama akaitwa dubu wa Nandi, na mashahidi hawakukubaliana juu ya ukubwa, rangi wala nyayo. Mwaka 1931 Charles Pitman, mlinzi mkuu wa wanyamapori wa Uganda, alimtengea nafasi kitabuni mwake. Mwaka 1935 Louis Leakey alitoa hoja kwamba huenda ni kalikotheri, mnyama mwenye kucha wa enzi za kale ambaye visukuku vyake vimepatikana Afrika.

Mabega ya juu na mgongo ulioinama nyuma ni umbo la fisi madoa. Ngozi na mafuvu yaliyopelekwa kwa wataalamu yakidaiwa kuwa ya dubu huyo yalikuwa ya fisi. Ongeza ukungu wa alfajiri, nyasi ndefu, nyegere aliyezeeka, nyani dume kwenye mwanga hafifu, na mtu aliyelala na wazo la okapi kichwani. Lakini naamini kuna kitu kingine zaidi. Wachungaji wa Kinandi walimjua fisi kwa sauti, kwa nyayo, kwa tabia. Mlowezi hakumjua, na alikuwa ametoka kuichukua nchi ambayo wenyewe walikuwa wameuawa au kuhamishwa. Usiku wa shamba lake jipya ulikuwa umejaa kitu, naye akamtafutia kitu hicho manyoya.

Mashamba hayo yalienea hadi Kitale baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa zamani wa Uingereza walipogawiwa ardhi ya Trans Nzoia. Reli ya tawi iliingia Kitale mwaka 1926. Mwaka huohuo Kanali Hugh Stoneham alianzisha hapo makumbusho yake binafsi ya wadudu, ndege na vitabu, ambayo yalikuja kufunguliwa kwa umma mwaka 1974 yakiwa ya kwanza ya bara nje ya Nairobi. Yapo mpaka leo.

Miezi michache kabla ya gari moshi la Kitale, mtu mwingine alipanda Elgon akitafuta kisichoonekana. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alifika Kenya Novemba 1925, akapita Kakamega, akatembea na wapagazi mpaka kwenye miteremko ya mlima, akapiga kambi kwa wiki kadhaa miongoni mwa watu aliowaita Waelgonyi, yaani Wasabaoti wa Kony. Aliongea nao kwa Kiswahili cha kamusi, wazee wakiwa wameketi duara, na kila mkutano ulifungwa kwa tamko kwamba shauri limekwisha.

Walimweleza kwamba mchana ni wa jua, na kila kitu ni chema. Asubuhi mtu hutema mate viganjani na kuvielekeza jua linapochomoza. Machweo yakifika dunia inabadilika, inakuwa ya ayik, mleta hofu, anayempitia msafiri kama pumzi baridi na kupiga mluzi kwenye nyasi ndefu. Kesho yake jua likirudi hofu hiyo imekwisha, na hakuna anayeona ubishi kati ya mchana na usiku. Siku moja Jung alilitaja neno la mizimu barazani kwa sauti, kimya kikaanguka, na mkutano ukavunjika. Watu wale walijua kwamba kuna mambo ya usiku yasiyojadiliwa mchana mbele ya mgeni mwenye daftari.

Jung alikuwa msikilizaji mzuri kuliko Thomson, hata hivyo naye aliishia kuona Misri. Jua na ayik vilimkumbusha Horus na Set. Nyani waliokaa mwambani wakiota jua la asubuhi wakawa nyani wa mahekalu ya Naili. Wazungu wawili, miaka 42 kati yao, walisimama kwenye mlima uleule na wote wakatazama kupitia wenyeji kuelekea kwa mafarao.

Jambo moja aliloandika lina uzito kuliko hayo yote. Alimwuliza mganga mzee, laiboni, kuhusu ndoto zake. Mzee akalengwalengwa na machozi. Zamani, alisema, malaiboni waliota ndoto zilizoonyesha vita, maradhi, mvua na mahali pa kupeleka mifugo. Tangu Wazungu waje hakuna anayeota tena. Ndoto hazihitajiki, kwa kuwa Mwingereza anajua kila kitu.

Mzee huyo alikuwa ameieleza himaya kwa usahihi kuliko kitabu chochote cha wakati wake. Watu walinyang'anywa ardhi, halafu wakanyang'anywa haki ya kuona. Hata hivyo alikosea kuhusu mwisho wa ndoto.

Huko Kimilili, chini kidogo ya mlima, alikuwepo Elijah Masinde, aliyezaliwa Maeni karibu mwaka 1910, aliyesomeshwa na wamisionari wa Kikweka na aliyewahi kuichezea Kenya kandanda dhidi ya Uganda. Kanisa lilimtenga alipooa mke wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alianza kuhubiri kwamba Wele, Mungu wa Wabukusu, amesema naye, na kwamba watu warudi kwenye imani ya mababu zao. Vuguvugu hilo likaitwa Dini ya Msambwa. Masinde alipinga kuandikishwa vijana kwa nguvu wakati wa vita vya pili vya dunia, akapinga amri ya kung'oa magugu mashambani, akawaambia Wazungu waondoke.

Serikali ilikuwa na jela, na ilimtia jela. Kisha mwaka 1945 ikamhamishia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Masinde alikaa humo hadi 1947. Tangu 1938 mkuu wa Mathari alikuwa J. C. Carothers, daktari aliyepewa wadhifa huo bila ya kuwa amesomea magonjwa ya akili, ambaye mwaka 1953 angetoa kupitia Shirika la Afya Duniani kitabu kinachodai kwamba Mwafrika wa kawaida anafikiri kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimtumia kuieleza Mau Mau kama tatizo la akili. Kwa macho ya namna hiyo mtu aliyesema nchi imeibwa alikuwa na dalili. Hapa ndipo Li Huowang anapoacha kuwa kijana wa riwaya ya mbali: kitanda, mlango uliofungwa, watu wenye makoti wanaokuambia kwa upole kwamba ulimwengu wako haupo. Na hapa ndipo Sun Wukong anapofukuzwa na bwana wake kwa kosa la kuuona mfupa.

Simsafishi Masinde. Alikuwa mkali, na kwa wafuasi wa madhehebu mengine mahubiri yake yalitisha. Lakini angalia alichofanya alipotoka Mathari. Mnamo Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Chetambe, juu ya Webuye, mahali ambapo mwaka 1895 majeshi yaliyoongozwa na Waingereza, yenye bunduki ya Maxim, yaliwaua Wabukusu waliojikinga nyuma ya handaki. Wafu wale walikuwa hawajapewa heshima yao kwa miaka 52. Walichinjiwa kondoo mweusi, wakaombewa. Mgonjwa wa akili, kwa mujibu wa serikali, ndiye aliyekumbuka kwamba pale chini kuna watu.

Februari 1948 polisi walifyatua risasi kwenye umati wa waumini huko Malakisi. Watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Alirudi nyumbani uhuru ukikaribia, na wengi walidhani zamu yake ya kuheshimiwa imefika. Mwaka 1968 serikali ya Jomo Kenyatta ikaipiga marufuku dini yake upya, naye akaendelea kuingia na kutoka jela mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1987. Kwa jambo hilo huwa napata hasira ambayo miaka haijaipoza, kwa sababu walioifunga mara ya pili dini ya Masinde walikuwa wamewahi wenyewe kuitwa vichaa na majambazi, na walijua jinsi inavyofanyika.

Wachina walichukua pepo wa mifupa na ngozi iliyochorwa, wakavipitisha kwa Pu Songling, wakavifikisha hadi kwenye riwaya ambayo zimwi lake ni shaka ya mtu juu ya akili yake mwenyewe. Nchi ya Kitale na Bungoma ina linani, ina Yabebe, ina chemosit mwenye mdomo wa taa, ina ayik, ina Kitum. Ina pia mambo yaliyoandikwa na maofisa, wamisionari na madaktari, na yaliyobaki vichwani mwa wazee wa Maeni, Malakisi na Chwele, ambao kila Agosti wanapungua. Kumbukumbu hizo zinahitaji watu wa kwenda kuzichukua sasa, kwa Kibukusu na Kisabaoti, na vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya vina wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo wikendi moja baada ya nyingine. Anayetaka kuandika riwaya ya kutisha ya Kiswahili hana haja ya kubuni jitu. Aanze na wodi ya Mathari mwaka 1945, amweke ndani yake mchezaji mpira wa zamani kutoka Kimilili, amwache atutazame.